Sufu ya Mama Mkwe

Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi hawakuwahi kubeba gunia la manyoya ya kondoo. Usufi ni mwepesi, unapeperuka hata mtu akipiga chafya. Manyoya ya kondoo yakitoka mwilini yana mafuta, yana vumbi, yana majani yaliyonasa, na yana vitu vingine ambavyo sitavitaja kwa kumheshimu msomaji aliyetoka kula. Gunia la namna hiyo likikuegemea shingoni barabarani, unajua kabisa kwamba methali nyingine zilitungwa na watu waliokaa. Mimi nimelibeba kila msimu wa kukata manyoya tangu kaka yangu alipofariki. Ninayembebea ni mjane wake, wifi yangu, na habari ninayosimulia ni yake, ingawa mgongo ni wangu.

Mtaani wanamwita Mama Fumua. Kufuma anafuma, tena kuliko wote ninaowajua, lakini jina halikutokana na kufuma. Akiona kosa kwenye kofia, hata lile ambalo wewe na mimi tungehitaji kuazima macho ya mwewe kuliona, anavuta uzi na kofia nzima inarudi kuwa donge. Mteja awepo mlangoni, asiwepo, shauri yake. Kuna mama mmoja alikuwa ameshaivaa kofia, anajigeuzageuza mbele ya kioo, amependeza, amefurahi. Wifi akamvua taratibu, akamwomba radhi, akamwambia apite wiki ijayo. Yule mama alitoka pale kichwa wazi amepigwa na butwaa. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na mpaka leo anarudi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anatengeneza kofia, skafu, glavu na soksi, zote za sufu ya kondoo wa hapa hapa. Hapa hapa maana yake ni kondoo wa mzee mmoja anayeishi kule juu kilimani, ambaye kila mtu anamwita Mzee wa Kondoo kwa sababu wenzake wote walishaacha kufuga kondoo wa sufu. Chumba cha kazi ndicho kilichokuwa sebule kaka alipokuwa hai. Kochi limebaki moja, na hilo moja limekaliwa na sufu. Chini ya dirisha kuna gurudumu la kusokotea uzi ambalo kaka alimtengenezea kwa ringi ya baiskeli, kanyagio la cherehani mbovu na matusi mengi. Kando kuna sufuria kubwa za kuoshea, brashi mbili za meno ya waya za kuchania, na kamba iliyovutwa kutoka ukuta hadi ukuta, nyuzi zimening'inia zikikauka: nyeupe isiyo nyeupe sana, kijivu, na kahawia ya chai ya maziwa. Rangi nyingine hana, kwa sababu kondoo hawakuzaliwa na rangi nyingine. Chumba kizima kinanuka kondoo aliyenyeshewa. Ukikaa humo unaizoea harufu, ukitoka watu wanakukumbusha.

Watu wanadhani kofia inaanza kwenye sindano. Thubutu! Kwanza manyoya yanachambuliwa kwa mkono, uchafu unatolewa, yale ya miguuni na mkiani yanatengwa. Halafu yanaloweshwa kwenye maji ya moto, na hapo hakuna ruhusa ya kukoroga, maana sufu ya moto ukiikoroga inajikunja na kushikamana, na haikusamehe tena. Inakaushwa, inachanwa, inasokotwa, nyuzi mbili zinasokotwa kuwa moja, uzi unaoshwa tena. Hapo ndipo unaruhusiwa kushika sindano. Mimi nikitazama kazi ile nachoka kabla sijaanza, na kwa bahati nzuri huwa sianzi.

Kwa hiyo nami, kama binadamu mwenye akili zake, nilimuuliza mara nyingi kwa nini asinunue uzi wa dukani. Upo tele, una rangi za pipi, umekuja kwa meli ukiwa tayari umesokotwa, kazi yako ni kufuma tu. Kwa kawaida alikuwa hajibu. Siku moja akainuka kitini, akanishika mkono, akanipeleka nje kwenye mtaro wa maji machafu unaopita mbele ya nyumba. Vibarua wa usafi walikuwa wamezibua, wamelundika tope pembeni. Kwenye tope kulikuwa na kofia nyekundu ya uzi wa dukani. Akaichokoa kwa kijiti. Kofia ilikuwa imezikwa humo tangu sijui lini, na bado ilikuwa nyekundu, haijaoza hata uzi mmoja. Akasema ile ni plastiki, inatokana na mafuta yaleyale ya kuendeshea malori, kwa hiyo itatuzika sisi wote. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tuta lake la mboga, akafukua kwa vidole. Chini ya udongo huwa anatandika mabaki ya sufu, yale ya mkiani na soksi zilizokwisha kabisa. Yanashika maji, udongo haukauki, na baada ya muda yenyewe yanageuka udongo. Alifukua, akafukua, hakupata kitu. Akanitazama. Mimi nikamwambia nimeelewa, turudi ndani, watu wanatuangalia.

Ukitaka ushahidi mwingine, yupo mlinzi wa ghala la mbao, jirani yetu, ambaye kazi yake ni kusimama kwenye ukungu na manyunyu. Yeye anasema kofia ya dukani ikilowa inakuwa kitambaa cha kudekia, lakini ya Mama Fumua ikilowa inaendelea kumpa joto. Ameivaa mpaka imetoboka, amerudi nayo, wifi ameiziba kwa uzi wa kahawia uleule wa kondoo yuleyule, na huwezi kuona kidonda kilikuwa wapi. Kuna siku cheche ya moto wao wa walinzi ilimrukia kichwani. Kofia ilitoa harufu mbaya, ikaungua kidogo, ikazimika. Mwenzake wa kofia ya plastiki aliyepatwa na mkasa kama huo alikaa na kovu kwenye paji la uso. Haya yote nayajua na siyabishii. Ninachosema ni kwamba uzuri wote huo unapita mikononi mwa mtu mmoja, na mikono inachoka.

Alianza kuchoka lini, sijui. Mtu wa aina ile hachoki kwa mkupuo, anachoka kama soksi, kisigino kwanza. Kwake kisigino kilikuwa kidole gumba cha kulia. Kilianza kuuma asubuhi, kikaendelea kuuma mchana, kikafika mahali sindano inamdondoka na yeye anajifanya ameiweka. Bega nalo likafuata. Binti yake, anayeishi mbali na ana chumba kizuri kinachomsubiri mama yake, alikuwa akipiga simu kila wiki kumbembeleza aende akapumzike. Wifi anamjibu ndiyo mwanangu, nitakuja, akikata simu anarudi kwenye gurudumu.

Kuna mchana niliingia nikamkuta amekaa mbele ya gurudumu, mguu kwenye kanyagio, sufu mapajani, na hakuna kinachozunguka. Nilidhani amesinzia. Hakuwa amesinzia.

"Wifi," akaniambia, "nimechoka. Si kwamba nimechoka leo. Nimechoka."

Mimi nilikuwa nimengoja neno hilo kwa muda mrefu. Nikamwambia basi iache, funga chumba, nenda kwa mwanao ukaletewe chai kitandani. Nilidhani atalia au atafurahi. Badala yake akaniuliza, na kondoo wa watu je? Akanieleza nisichokuwa nimekifikiria. Wanunuzi wengine wote wa sufu walishahamia kwenye uzi wa meli. Jirani zake Mzee wa Kondoo walishabadilisha mifugo, wakaleta wale kondoo wa nyama wasiohitaji kukatwa manyoya. Mnunuzi wa yule mzee ni mmoja tu, yeye. Siku akiacha kununua, manyoya yale hayana pa kwenda, na kondoo wenyewe safari yao ni moja, buchani. Mzee wa watu, akasema, hana kingine anachokipenda duniani. Yeye hawezi kumfanyia hivyo kwa sababu ya kidole gumba. Akaanza kukanyaga gurudumu.

Sasa lazima nieleze salamu, maana shida yote ilikaa humo. Tangu msiba wa kaka, hawa watu wawili hawakuwa wakionana. Wifi hapandi kilima, Mzee hashuki. Katikati yao nilikuwa mimi na gunia. Kila nilipofika kule juu, Mzee alinituma: mwambie mama kondoo ni wazima, mimi ni mzima, manyoya ya mwaka huu ni marefu kuliko ya mwaka jana, asiwe na wasiwasi. Nikishuka, wifi anasikiliza, anaitikia kwa kichwa, na msimu unaofuata ananituma: mwambie mzee mikono ipo, wateja wapo, alete yote, asipunguze hata kidogo. Nikawa posta. Nilikuwa napeleka uzima juu na kurudisha uzima chini, na mimi mwenyewe mgongo unaniua.

Mwaka huu nilipanda mapema kwenda kuuliza siku ya kukata manyoya. Mzee hakuwepo, alikuwa amewafuata kondoo malishoni. Nilimkuta mkewe anamenya viazi barazani. Akanimiminia chai, nikakaa, tukazungumza ya watoto na ya bei za vitu, kisha yule mama akaweka kisu chini. Akasema ana jambo, na nimsamehe kwa kulisema. Magoti ya mumewe yamekwisha. Msimu uliopita, baada ya mimi kuondoka na gunia, alikwenda kumtenganisha dume na majike, dume likamwangusha, akalala zizini mpaka yeye mkewe alipokwenda kumtafuta, na alimkataza asimwambie mtu. Watoto wao wanataka ile ardhi wapande viazi. Mnunuzi wa mifugo ameshakuja, ameondoka, amekuja tena. Mzee anakataa.

Nikauliza anakataa kwa nini. Mkewe akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Kwa sababu ya wifi yako," akasema. "Anasema yule ni mjane, riziki yake ni sufu hii. Hawezi kumtoa mjane tonge mdomoni kwa sababu ya magoti."

Nilibaki na kikombe mkononi. Nilitaka kucheka, na papo hapo nilitaka kukitupa kile kikombe ukutani, na kwa kuwa kilikuwa cha watu nilikiweka mezani polepole. Watu wawili wazima, kila mmoja anajiua taratibu ili mwenzake aishi, na mwenzake haishi, naye anajiua! Na mimi katikati nabeba gunia la huruma yao. Sijawahi kukasirikia adabu kama nilivyoikasirikia siku ile. Nilishuka kilima nikisema peke yangu, mpaka mtu mmoja aliyekuwa na mkokoteni akanipisha njia.

Nyumbani sikumwambia wifi kitu. Nilijua nikiipeleka habari hii kama salamu, ataifumua. Atasema mkewe ametia chumvi, au atanituma nirudi na uongo mwingine. Nilimwambia tu kwamba mwaka huu mgongo wangu umegoma, gunia halipandi wala halishuki bila yeye, kwa hiyo tunakwenda wote. Alinitazama kwa mashaka, maana mgongo wangu umegoma kwa mdomo mara nyingi. Lakini siku ilipofika alivaa viatu.

Tulipanda polepole. Alikuwa akisimama kila baada ya kona, anajifanya anaangalia mandhari. Mandhari yenyewe ilikuwa ukungu. Karibu na juu aliniuliza kama Mzee amezeeka. Nikamwambia utamwona mwenyewe.

Mzee wa Kondoo alikuwa mlangoni pa zizi, mkasi mkubwa wa kukatia manyoya mkononi. Alipotuona wawili alishtuka, akajinyoosha mgongo haraka, akaanza kutembea kuja kwetu kwa mwendo wa mtu anayejua anatazamwa. Wifi naye, nikamwona kwa pembe ya jicho, anaficha mkono wa kulia kwenye mfuko wa sweta. Wakasalimiana. Wakaulizana afya. Mzee akasema hajambo kabisa. Wifi akasema hata yeye hajambo kabisa. Mimi nikakaa juu ya gunia tupu nikasubiri.

Kichwani Mzee alikuwa amevaa kofia ya buluu ya uzi wa dukani, yenye nembo ya timu ya mpira ya nchi nyingine, imechakaa, imelegea masikioni. Wifi aliitazama. Mzee aliona inavyotazamwa, akaishika kwa mkono, asijue aivue au aiache.

Wa kwanza kukatwa alikuwa Mama Mkwe. Huyo ni kondoo jike mzee kuliko wote, kahawia, na jina alipewa kwa sababu ya namna anavyokuangalia: ukiingia zizini anakutazama kuanzia viatu kwenda juu, na inaonekana wazi kwamba mwanawe angepata mke bora. Sufu yake ndiyo wifi anayoipenda kuliko zote, na ndiyo ile iliyo kichwani kwa mlinzi wa ghala. Ili kumkata kondoo manyoya inabidi umkalishe matakoni, mgongo wake kwenye magoti yako, atulie. Mzee akamshika, akavuta. Mama Mkwe hakukaa. Aliyekaa ni Mzee, kwenye samadi, puu, mkasi huko na yeye huku.

Wifi akakimbia kumwinua. Alimpa mkono wa kulia kwa mazoea, Mzee akaushika, akavuta, na wifi akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kidole gumba. Akaurudisha mkono mfukoni. Mzee akabaki palepale chini.

"Nimeteleza tu," Mzee akasema. "Mwaka huu tope ni jingi. Lakini mimi bado, mama, usihofu, sufu yako utaipata."

"Hata mimi bado," wifi akasema, machozi yanamlengalenga kwa maumivu. "Nimejigonga tu. Wewe kata, mzee, nitachukua yote."

Hapo nilishindwa. Hasira zilinipanda kutoka miguuni. Mzee wa watu amekaa kwenye mavi ya kondoo anamtia moyo mwanamke aliyesimama analia, na mwanamke anamtia moyo yeye!

"Mzee, wifi yangu amechoka," nikasema. "Vidole vyake vimekwisha. Anasokota kwa sababu anaogopa akiacha utachinja kondoo. Na wewe wifi, mzee huyu amechoka. Magoti yake yamekwisha. Anafuga kwa sababu anaogopa akiacha utalala na njaa. Mimi posta nimeacha kazi. Semeni wenyewe."

Nilijua nimevunja adabu, mbele ya mtu mzima, kwenye zizi lake. Lakini sikujuta hata kidogo, na sijuti sasa.

Wifi ndiye aliyeanza. Alikaa chini, palepale kwenye uchafu, karibu na Mzee, na sketi yake nzuri.

"Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli, mama. Na wewe?"

"Ni kweli."

Mzee akapumua. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu anayetua mzigo. Kisha wakaanza kucheka, si kicheko cha furaha, ni kile cha watu waliochoka ambao hawana nguvu ya kitu kingine. Wifi akamuuliza tangu lini. Mzee akasema tangu marehemu, yaani kaka yangu, aondoke. Alitaka kuacha mwaka uleule, akaja msibani, akamwona wifi amekaa na sindano mkononi, akaona haifai. Wifi akasema na yeye alitaka kuacha mwaka uleule. Alikuwa ameshika sindano kwa sababu hakujua pa kuweka mikono.

Nikageuka nikaangalia ukuta. Miaka yote ile nimebeba gunia.

Baadaye, Mzee akiwa ameinuliwa na kufutwa, wifi aliuliza juu ya kofia. Aliuliza kwa upole, lakini niliona imemuuma kuliko kidole.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Sokoni, mama. Inaingiza baridi."

"Na sufu yote hii ni yako. Hukuweza kunituma salamu moja kwamba unataka kofia?"

"Ungekataa niilipie," Mzee akasema. "Na mimi nisingeweza kuvaa riziki yako bure."

Wifi alivua skafu yake, akaikunja ikawa kama utepe, akamzungushia Mzee kichwani juu ya ile kofia ya buluu, akabana kwa vidole mahali ncha zilipokutana. Ndivyo anavyopima vichwa. Mzee alisimama ametulia, macho kafumba, kama mtoto anayenyolewa.

Walikubaliana palepale, bila mimi kuingilia. Kondoo watauzwa. Lakini kondoo hawauziki na manyoya mwilini, na manyoya hayasubiri mtu astaafu, kwa hiyo siku ile tuliwakata wote, mimi nikiwashika, Mzee akikata amekaa kwenye stuli, wifi akichambua kwa mkono wa kushoto. Nilishuka na magunia kwa awamu, nikilalamika njia nzima, na wifi hakunijibu hata mara moja. Alikuwa anabeba sufu ya Mama Mkwe yeye mwenyewe, kifuani, imefungwa kwenye shuka.

Ningependa kusema kwamba alipumzika kuanzia siku ile. Alianza na kofia ya Mzee. Aliusokota uzi wake polepole, kidogo asubuhi na kidogo jioni, gumba limefungwa kitambaa. Akaifuma, akaifumua. Akaifuma tena, akaifumua. Nilimwambia kichwa cha mzee si cha bwana harusi. Akasema anajua. Mara ya tatu aliifuma mpaka mwisho, ya kahawia, yenye ukingo wa kukunja mara mbili masikioni, na nililiona kosa mimi mwenyewe, tundu moja la uzi ulioruka karibu na utosi. Nilingoja avute uzi. Alilitazama lile tundu muda mrefu, kisha akakata uzi na kuificha ncha. Hapo ndipo nilipoamini kwamba amechoka kweli.

Sufu iliyobaki aliigawa. Nyingine aliwapa wanawake wawili wa mtaa wa pili wanaojifunza kusokota, nyingine iko tutani chini ya mboga. Gurudumu la kaka akalisukuma ukutani, akalifunika shuka. Binti akaambiwa aandae chumba. Siku ile gurudumu lilipofunikwa nilirudi kwangu nikalia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimelilaani gunia lile miaka yote, na sasa sikujua nitamwendea wifi kwa kisingizio gani.

Tulipanda kumpelekea Mzee kofia yake, mimi mikono mitupu kwa mara ya kwanza. Zizi lilikuwa kimya. Lori la mnunuzi lilikuwa limekuja na kuondoka, na upande mmoja wa shamba ulishalimwa matuta ya viazi. Mzee alitoka nyumbani akiegemea fimbo. Akaivua ile ya buluu, akaweka ya kahawia, akaivuta mpaka masikioni. Hakusema asante. Alisema, "Lo," kisha akawa anaishikashika.

Halafu tukasikia mlio kutoka zizini.

Alikuwa Mama Mkwe. Amesimama mlangoni, anatutazama kuanzia viatu kwenda juu. Mzee akaeleza kama mtu anayeomba radhi. Mnunuzi alimfungua mdomo, akaona meno hayapo, akacheka, akasema huyu hafai hata kwa supu, akamwacha.

Wifi alimsogelea. Akaingiza vidole ubavuni, akatenganisha manyoya mpaka ngozi ikaonekana, kama anavyochambua sufu siku zote. Yalikuwa yameanza kuota tena, mafupi, laini. Alikaa pale ameinama, na mimi nilijua anahesabu kitu moyoni, na nilijua ni nini.

"Huyu mwakani atataka kukatwa," akasema.

"Atataka," Mzee akasema. "Hangoji kuulizwa."

"Mmoja unamweza?"

Mzee aliangalia magoti yake, kisha akamwangalia kondoo. "Mmoja namweza. Na wewe?"

Wifi alikunja gumba, akalikunjua. Likamuuma, niliona. "Sufu ya mmoja ni kofia chache na skafu," akasema. "Hiyo naiweza. Nitakwenda kwa mwanangu nikalale, nilale sana, halafu nitarudi kabla ya kukata."

Ndipo wote wawili wakageuka kunitazama, na Mama Mkwe naye. Nilitaka kuwajibu kwa maneno makali, nilikuwa nayo tayari. Hayakutoka. Nikawaambia kilima ni kirefu, mgongo wangu mnaujua, na mtu asidhani nimesahau. Kisha nikamwomba Mzee gunia lake moja tupu, nikalikunja, nikaliweka kwapani nishuke nalo nyumbani, nikalifue.